Kaka Amiri, Mbeba Juzuu

Kaka yangu Amiri alifariki mwezi wa Desemba, katika wiki ya kwanza ya baridi ya kweli. Asubuhi ile alinipigia simu akasema kifua kinambana, akadhani ni upepo wa kaskazini uliomkuta uani akiosha gari. Akawapeleka watoto wa tajiri wake shuleni, akawashusha, akaegesha pembeni na kuzima injini. Waliomkuta walidhani amelala. Tulimzika kesho yake baada ya swala ya alasiri katika makaburi ya Abu Hamour, hapa Doha, ndani ya udongo mkavu wenye mawe, mbali na kaburi la baba yetu kule Lushoto. Najua kwa Mwenyezi Mungu hakuna mbali. Lakini mimi ndiye niliyempigia mama simu, na sauti aliyoitoa bado ninayo masikioni.

Naandika habari zake kwa sababu watu wa huku walimzoea mpaka wakaacha kumwona. Alikuwa dereva wa familia moja ya Al Thumama, akikaa katika chumba kidogo kando ya lango, chenye kitanda, jiko la umeme na kofia yake ya sufu ya Lushoto iliyotundikwa msumarini mwaka mzima ikisubiri Desemba. Hakuwa msomi. Korani aliisoma polepole, kidole kikifuata mstari, na akikosea alirudi mwanzo wa aya bila aibu. Mzaha wake ulikuwa mmoja, na aliurudia miaka yote: akiulizwa habari za kazi, alijibu, "Naendeshwa." Mimi ndiye mdogo wake, Mwanahawa. Alinileta huku baada ya mimi kumaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani muda mrefu bila kazi. Nafua mashuka katika dobi la hoteli moja ya Al Sadd, na wakati wa baridi dobi ndipo mahali penye joto kuliko pote mjini.

Mtu ambaye hajaishi huku huenda asielewe kwa nini siasa zetu ni za majira ya baridi. Miezi ya joto hakuna anayekaa nje. Mtu anatoka kwenye kiyoyozi cha kazini anaingia kwenye kiyoyozi cha chumbani, na hata kumchukia mwenzake anakosa nafasi. Baridi ikija, milango inafunguka. Wenyeji wanapiga mahema jangwani, na sisi Waswahili tunakwenda Umm Salal, kwenye shamba analolinda Mussa, mtu wa Kondoa. Tajiri wa Mussa alikuwa ameturuhusu kutumia hema lake Ijumaa ambazo yeye hayupo. Huko tulikuwa na umoja wetu wa kufa na kuzikana. Tulikunywa chai ya maziwa, tukala wali, tukazungumza habari za nyumbani. Huko ndiko tulikovunjikia pia.

Mwenyekiti wetu alikuwa Yusufu, mtu wa Tanga mjini, mwenye gari la abiria saba analobebea wafanyakazi. Uchaguzi wa nyumbani ulipokwisha, alituma salamu za pongezi kwa walioshinda, akaandika kwa jina la umoja wote. Ijumaa iliyofuata, Bi Warda, mwanamke wa Unguja anayesimamia wasafisha vyumba katika hoteli nyingine ya Al Sadd, alisimama katikati ya hema na kikombe chake mkononi.

"Pongezi zile ni zako, Yusufu. Usituingize sisi."

"Mimi ni mwenyekiti."

"Wa nani? Muda wako ulikwisha tangu wakati wa joto."

"Watu walikuwa likizo. Uchaguzi ningefanya na nani, na mbuzi wa Mussa?"

"Kwa hiyo ukakikalia kiti mpaka kikapata moto."

Waliocheka walikuwa wa upande mmoja, na hapo ndipo sote tulipojua kwamba kuna pande. Kabla ya baridi ile kwisha tulikuwa tunagawana vitu. Masufuria kwa akina Yusufu, majamvi kwa akina Warda, kipaza sauti huku, birika la umeme kule. Mwisho likabaki sanduku la juzuu.

Juzuu zile aliziacha wakfu kaka Amiri. Alizinunua alipokwenda likizo, msahafu mzima katika vijitabu thelathini vyenye majalada ya kijani, akasafiri nazo mapajani kwa sababu hakutaka ziwekwe na mizigo. Katika misikiti ya huku hatusomi hitima, si desturi ya wenyeji. Kwa hiyo mtu wetu akifa, tulizisoma pale shambani, kila mmoja na yake, mpaka Korani nzima ikaisha kwa kikao kimoja. Siku ya kugawana kuna aliyesema arudishiwe Amiri mwenyewe. Amiri akajibu kwamba wakfu haurudi kwenye mkono uliotoa. Basi zikagawanywa. Hata hapo pakawa na maneno, kwa kuwa kila upande uliutaka mwisho wenye Yasini na sura fupi. Warda akaupata. Yusufu akapewa kumi na tano za mwanzo, na sanduku lenyewe kama fidia.

"Mna Baqara yote, na bado mnanuna," Warda alimwambia.

Tangu siku hiyo hakuna upande ulioweza kusoma hitima kwa juzuu zake. Bila shaka siku hizi Korani ziko hata kwenye simu, mtu angeweza kusema basi. Lakini waliozisoma wakati mwenzao yumo jenezani hawakutaka kuanza na simu. Kwa hiyo, upande mmoja ukifiwa, Amiri alikwenda upande wa pili na gari la tajiri wake, kwa ruhusa, akachukua nusu ya kule, akaipeleka, akasoma nao, kisha akairudisha. Wote walimpa, maana hakuwa wa mtu. Alikunywa chai huku wiki hii na kule wiki ijayo. Walimwita popo, yule asiye ndege wala mnyama.

"Popo naye analala," aliwajibu, "tena kichwa chini, na haanguki."

Nilimwuliza mara moja kama hachoki. Akasema anachoka, lakini njia ya Al Thumama na Al Sadd anaijua.

Wiki chache baada ya mazishi, mama alipiga simu kuuliza habari za arobaini. Kule Lushoto watasoma, akasema, lakini anataka na huku isomwe, hitima moja, kwa juzuu zake mwenyewe Amiri, na watu wote wakiwapo. "Wote aliowahangaikia," alisema. Nikamwambia inshallah. Nilipokata simu nilikaa juu ya rundo la mashuka ya moto, nikatamani kulala hapo.

Nilianza kwa Yusufu, kwa sababu ndiye mkubwa. Anakaa Al Thumama, mitaa miwili kutoka kwenye lango la kaka. Alinipokea vizuri, akalia kidogo, akanipa maji.

"Dada Mwanahawa, juzuu zipo. Njoo uzichukue hata leo, nitakufungia."

"Na wewe utakuja?"

"Sisi tutamsomea huku kwetu. Dua inafika popote."

"Mama ametaka hitima moja."

"Mama yuko Lushoto, hajui hali ya huku."

"Anaijua. Amiri alikuwa akimsimulia."

Akatazama chini. "Basi atakuwa amesimuliwa na maneno aliyonitolea yule mwanamke."

Warda nilimkuta nyuma ya hoteli yake, akipumzika juu ya kreti, shali mbili mabegani.

"Shoga, mimi na marehemu hatuna neno," alisema. "Marehemu alikuwa mtu wangu. Nusu yangu njoo uichukue saa yoyote. Lakini kukaa jamvi moja na Yusufu aitwe mwenyekiti mbele yangu, hapana."

"Hakuna atakayemwita."

"Atajiita mwenyewe."

Nilirudi kwa miguu. Upepo ulikuwa ukisukuma mifuko ya nailoni barabarani, na watu wa Al Sadd wamejifunga vilemba mpaka puani. Nilikuwa nimepata nilichokwenda kutafuta: nusu mbili, zote kwa hiari. Nilichotakiwa kufanya ni kuzibeba. Ndipo nikaona kazi ile ilivyokuwa. Kaka yangu aliwabebea juzuu, nao wakaendelea kutoonana. Hawakuwahi kufikwa na siku ambayo ugomvi wao ungewakosesha kitu, maana Amiri alifika kabla ya siku hiyo. Simlaumu. Alifanya kwa ajili ya Mungu, na malipo yake yako kwa Mungu. Lakini mimi sina gari, wala sina moyo wake, na sikutaka kurithi njia ile.

Nikawatumia wote wawili ujumbe wa sauti uleule. Nilisema sitakuja kuchukua juzuu. Arobaini ni Ijumaa hii baada ya swala, kwa Mussa. Mwenye juzuu azilete kwa mikono yake. Zisipofika, tutasoma tunachokijua kwa moyo, tutakula wali, tutaondoka.

Mama alipojua, alikasirika. "Wamekupa, wewe ukakataa?"

"Nimewaambia walete wenyewe, mama."

"Na wasipoleta?"

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Mwanahawa, usinifanyie kiburi juu ya mwanangu."

Kauli hiyo nilikwenda nayo kazini, nikalala nayo, nikaamka nayo. Mara mbili nilishika simu nimwambie Yusufu nakuja. Sijui ni nini kilichonizuia. Pengine ni uchovu tu. Uchovu nao mara nyingine hufanana na msimamo.

Ijumaa ikaamka na mvua. Mvua ya Doha ni ya siku chache kwa mwaka, na mji haujaizoea. Maji husimama barabarani, magari huzimika, na kila mtu hupata sababu ya kubaki nyumbani. Nilipofika shambani Mussa alikuwa anachimba mfereji kuzunguka hema, na Kiprop anapuliza mkaa. Kiprop ni Mkenya, mlinzi wa jengo moja la Al Sadd, Mkristo, rafiki wa kaka yangu wa miaka. Walikutana Amiri akimsubiri tajiri wake mbele ya jengo hilo, na tangu hapo hakukosa chai yetu.

"Mwanahawa, hii si baridi," aliniambia. "Kwetu Kapsabet siku kama hii watu wanaanika nguo."

"Basi vua hilo koti," Mussa akasema kutoka nje.

"Hili ni la kampuni, boss. Nisipolivaa nitakatwa mshahara."

"Hata kwenye arobaini?"

"Wewe huwajui hawa watu."

Nikapika wali na nyama ya mbuzi, macho yangu yakiwa kwenye lango. Watu walikuja mmojammoja, wachache, wenye viatu vilivyolowa. Kisha nikamwona Warda na wenzake watatu wakija kwa miguu katika njia ya matope, viatu mkononi. Teksi ilikataa kuingia shambani. Alipofika ndani alitoa mfuko wa nailoni chini ya baibui lake, akaufungua, na juzuu zilikuwa kavu.

"Nusu yangu hii hapa. Ya mwenzangu iko wapi?"

"Haijafika."

"Nilijua," alisema, akakaa.

Tukaswali alasiri. Mvua ikazidi. Wali ulikuwa tayari na nikaufunika. Watu wakasogelea mkaa. Nilikuwa nimeanza kutafuta maneno ya kumwambia mama, Mussa akachungulia na kusema gari la Yusufu liko langoni.

"Mbona hawaingii?"

"Wamo ndani. Wamewasha hita."

Nilijifunika kitambaa cha meza nikaenda. Yusufu aliteremsha kioo kidogo. Nyuma yake walikuwamo watu wake wanne, na sanduku la Amiri lilikuwa kwenye kiti cha mbele, limefungwa mkanda kama abiria.

"Kaka Yusufu, wali unapoa."

"Nani ataongoza dua?"

"Bado hatujafika kwenye dua."

"Nataka kujua kabla sijashuka. Nisije nikawekwa nyuma ya mtu mbele za watu."

Maji yalikuwa yananiingia mgongoni. Nilitaka kumkumbusha mambo mengi ambayo kaka yangu alimfanyia, na sikuwa na nguvu ya hata moja.

"Mimi sijui nani atakaa wapi," nilimwambia. "Nimechoka, kaka. Kumi na tano za mwanzo ziko kwako. Usiposhuka, Amiri ataanza kusomewa kutoka katikati. Hata Fatiha iko humo garini."

Aligeuka akalitazama lile sanduku. Akakaa hivyo, mikono juu ya usukani. Kisha akazima gari, akafungua mkanda, akalibeba sanduku kifuani na kulifunika kwa koti lake.

Waliingia bila salamu ndefu. Yusufu alikaa upande wa kulia wa hema, Warda kushoto pamoja na wanawake, migongo imenyooka. Lakini mvua ilikuwa imewabakiza wengi majumbani, na tulipojiangalia hatukufika hata nusu ya juzuu zilizokuwapo. Ilibidi kila mtu asome mbili au tatu. Hapo hapakuwa tena na nusu ya Yusufu wala ya Warda. Kiprop, kwa kuwa yeye hasomi, alijitolea kugawa: mtu akimaliza anampa nyingine. Akanawa mikono kwanza, kama alivyomwona Amiri akifanya. Warda akaangukiwa na Baqara. Yusufu akapata ile yenye mwanzo wa Yasini, akaibusu na kuiweka usoni, na niliposikia sauti yake inavyokatika nilijua kwamba anasoma kweli.

Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu ila mvua juu ya hema na watu wakivuma chini kwa chini. Nilisoma zangu mbili kwa kidole, kama yeye. Katika ile ya pili nilimlilia, kwa mara ya kwanza bila kutafuta mahali pa kujificha.

Tulipokaribia mwisho simu yangu ililia. Alikuwa mama.

"Wamekuja?"

"Wamekuja, mama. Wote wawili."

Akasema, "Niweke karibu na watu."

Nikaweka simu juu ya sanduku, na mama yetu akaomba dua. Aliomba kwa Kiarabu cha chuoni kwake, akaendelea kwa Kiswahili, akamalizia kwa Kisambaa ambacho walioelewa tulikuwa wawili, mimi na Yusufu. Alimwombea Amiri peke yake. Hakumwombea kiongozi, wala nchi, wala umoja. Hakuna aliyekuwa na la kusema juu ya nani ametangulizwa. Wote wakaitikia amina.

Tukala. Kisha Yusufu akageukia juzuu, akakuta Kiprop amezirundika zote pamoja, zilivyokuja.

"Kiprop, umezichanganya."

"Nimezipanga kwa rangi," Kiprop akasema. "Zote ni kijani."

Yusufu na Warda wakapiga magoti kila mmoja upande wake wa sanduku, wakaanza kuzitenganisha. Nilingoja mmoja aseme ziache hapo. Hakusema. Walibishana juu ya kumi na tano na kumi na sita, wakafungua, wakahakikisha, kila mmoja akachukua zake. Warda akazifunga katika nailoni.

"Na akifa mwingine?" aliniuliza bila kunitazama. "Nani atazunguka?"

"Hakuna wa kuzunguka, Bi Warda. Mtafanya kama leo."

Mussa alirudi kutoka barabarani akasema hakuna teksi inayokubali kuja Umm Salal. Warda alisimama mlangoni, viatu mkononi, akiyatazama matope. Yusufu alimpita na sanduku lake. Alipofika nje akasema bila kugeuka, "Gari lina nafasi."

"Nikae wapi?"

"Popote, isipokuwa kwenye usukani."

"Huo najua huuachii," Warda akasema, akaingia.

Viti havikutosha. Wakabanana, wanawake nyuma, na Kiprop akakunjwa mwisho kabisa na koti lake la kampuni. Nusu zote mbili zikaenda katika gari moja. Mimi nilibaki kumsaidia Mussa kuosha vyombo, nikarudi mjini baadaye na muuza matango wa shamba la jirani.

Kesho yake Kiprop alipita dobini kuniambia waligombana njia nzima. Walianza na uchaguzi wa nyumbani, wakaja kwenye uchaguzi wa umoja, wakarudi nyumbani. Foleni ya magari katika maji ilikuwa ndefu na walipata wakati wa kutosha. Walipofika Al Sadd, Warda alikataa kushuka mpaka amalize alichokuwa akisema, na Yusufu alizima gari akamsikiliza.

Jioni nikampigia mama.

"Walisoma zote?"

"Zote, mama. Kuanzia Fatiha."

"Wakapatana?"

"Hapana. Walipanda gari moja."

Nilimsikia akisogeza kitu, pengine kiti, pengine kuni. Kule kwao siku hizi ni joto, lakini yeye huota moto mwaka mzima.

"Haya," alisema. "Na wewe ulikula?"

Nikamwambia nilikula.